Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo changu: Fumbueni swali kwanza, kisha mnipime

Kwa: Makamu Mkuu wa Chuo; Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma); Mkuu wa Idara ya Falsafa.
Nakala: Ofisi ya Mlezi wa Wanafunzi.

YAH: KOZI YA MAADILI KWA MWANAFUNZI MWENYE USONJI

Waheshimiwa, shikamooni.

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tulifundishwa sekondari kwamba barua rasmi hufunguliwa kwa sentensi hiyo, nami sijawahi kuiacha, hata nilipomwandikia shangazi kumwomba nauli. Napenda kanuni iliyotamkwa. Barua hii inahusu zile zisizotamkwa.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ualimu wa Hisabati. Nina usonji (autism kwa Kiingereza), yaani ubongo wangu unawasoma watu na maneno kwa namna yake. Daktari wa hospitali ya rufaa alinithibitishia nikiwa na miaka 20, ingawa Bibi yangu alijua tangu nina miaka minne, ila yeye alikuwa na jina lake: mtoto wa maswali. Muhula uliopita nilipata A ya Mantiki na sapu, yaani mtihani wa marudio, ya Maadili. Kozi zote mbili ni za idara moja, mhadhiri mmoja, ukumbi mmoja, na kichwa nilichoingia nacho ni kilekile. Nimeshapewa sababu tatu: kwamba sikusoma, kwamba sina hisia, kwamba watu wa hisabati ndivyo tulivyo. Naomba nitoe ya nne.

Itabidi nianzie Tanga, Ngamiani, ambako barabara zina namba. Kwa mtoto kama mimi ilikuwa neema. Ukitoka barabara ya 8 unajua inayofuata. Walionishinda ni watu wa barabara hizo. Bibi na mashoga zake walikuwa wakisemezana kwa kanga. Ukigombana na jirani humtukani. Unanunua doti, unajifunga, unapita mbele ya baraza yake taratibu. Mimi nilijua kusoma nikiwa na miaka mitano, na kila kanga iliyopita niliisoma kwa sauti, kisha nikauliza. "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." Nikamuuliza mwenye kanga: na konda ni nani? Siku nyingine jirani yetu aliingia amejifunga "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", nami nikamuuliza mbele ya watu waliokuja arobaini ya marehemu ni nani huyo aliyemdhani dhahabu, ni Bibi? Kumbe ndiye. Wiki tatu hawakuombana hata chumvi.

Bibi hakunipiga. Yeye aliishia darasa la nne, lakini alinunua daftari la mistari akaniweka mkekani. Kila fumbo tulilipa mistari minne: linasema nini, maana yake nini, anaambiwa nani, na lini halisemwi. Huo mstari wa nne sikujua hata kama upo. Tulijaza daftari tukaanza la pili. Nilipokuwa na miaka tisa nilimpelekea hoja ambayo niliamini itamwangusha: "Haraka haraka haina baraka" na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" haziwezi kuwa kweli zote mbili. Aliweka ungo chini, akacheka mpaka akafuta macho, akasema, "Tazama anaambiwa nani, mjukuu wangu." Nimekaa kwenye mihadhara mingi ya maadili tangu hapo. Sijasikia wa kuizidi sentensi ile.

Naomba mkumbuke kwamba Bibi hakunipunguzia fumbo hata moja. Alifumbua, kisha akanidai. Kesho yake alinitega kwa fumbo jipya, nikalijibu au nikalala na aibu yangu.

Sasa chuoni. Swali la kwanza la mtihani wa muhula, nikilileta kwa Kiswahili, lilikuwa hili: Je, ni halali kusema uongo ili kuokoa maisha ya mtu? Jadili. Alama 20. Nilijibu kwamba ni halali. Nilieleza kwamba mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1797, aliukataa uongo hata pale muuaji anapobisha hodi akimtafuta rafiki yako aliyejificha ndani, nikaonyesha mahali pamoja ambapo kwa maoni yangu hoja yake inavunjika, na kwa nini. Nusu ukurasa. Nikaweka nukta, kwa sababu swali lilikuwa limekwisha kujibiwa. Nilipata 5, na kwa wino mwekundu: "Hujajadili."

Mwenzangu wa chumbani, ambaye hakumgusa Kant, alipata 15. Alinionyesha madesa, yaani maandishi ya kusomea yanayopitishwa mkono kwa mkono, ya mwaka juzi tukiwa vimbwetani, kwenye viti vya nje vya kujisomea. Kumbe "jadili" kwenye idara hii maana yake ni: eleza upande wa kwanza na mwanafalsafa wake, eleza upande wa pili na wake, pinga mmoja, rudi nyuma kidogo, hitimisha kwa tahadhari, na kurasa zisipungue tatu. Nilimuuliza hayo yameandikwa wapi. "Hayajaandikwa, lakini kila mtu anajua." Hiyo "kila mtu anajua" ni ada ambayo Bodi ya Mikopo haiifahamu, nami nailipa kila muhula.

Msinielewe vibaya kuhusu huyo mwenzangu. Alistahili 15 zake; aliijua kanuni akaifuata. Nami ningeifuata, tena kwa furaha, ningeijua. Ndiyo sababu ya A ya Mantiki. Kule kila kitu kinatajwa mwanzoni: dhana ni hizi, kanuni ni hizi, thibitisha. Hakuna anayesema P akiwa na maana ya Q.

Halafu kuna ile treni, mfano wa kubuni. Iliandikwa mara ya kwanza na mwanafalsafa Philippa Foot, Mwingereza, mwaka 1967, na hakuna darasa la maadili linaloikwepa. Mhadhiri wetu aliileta nyumbani: treni ya umeme iendayo Morogoro, breki zimekatika, mbele kuna wafanyakazi watano kwenye njia, pembeni kuna mmoja. Dereva afanye nini?

Babu yangu mzaa baba alifanya kazi kwenye genge la reli ya Tanga. Alinisimulia mara nyingi namna wanavyoweka mtu wa kuangalia, mwenye bendera na filimbi, kabla hawajashika sururu. Nikanyoosha mkono. Nikauliza mwenye bendera alikuwa wapi. Nikauliza kama honi nayo imeharibika, na kama hao watano walikuwa wamepeana zamu. Ukumbi mzima ulicheka, na pale tupo kama mia tatu. Mhadhiri, kwa upole kabisa, aliniambia nisilikwepe swali.

Waheshimiwa, sikuwa nalikwepa. Nilikuwa nimezama ndani yake kuliko wote waliocheka. Niliwaona wale watano, na mmoja wao alikuwa amevaa kofia ya Babu.

Baadaye nilikwenda maktaba, nikasoma makala yenyewe ya Foot kwa mchana wa siku mbili. Treni imo, lakini ni mistari michache tu. Mjadala wake ulianzia kwenye utoaji mimba, na swali lake lilikuwa kama kuna tofauti kati ya madhara unayoyakusudia na yale unayoyaona yanakuja bila kuyakusudia. Yeye mwenyewe aliona kilicho kizito zaidi ni tofauti nyingine, kati ya wajibu wa kutomdhuru mtu na wajibu wa kumsaidia. Nilipofika hapo nilifunga makala nikacheka peke yangu, mkutubi akanitazama. Treni ni kanga! Kilichoandikwa sicho kinachosemwa. Kwenye daftari la Bibi ingekaa hivi. Linasema: treni, watano na mmoja. Maana yake: kuua ni jambo moja na kuacha mtu afe ni jambo jingine, au sivyo? Anaambiwa: anayedhani kuhesabu vichwa kunamaliza kila kitu. Halisemwi: mbele ya mjane wa mfanyakazi wa reli.

Mistari minne. Ingemchukua mhadhiri dakika mbili, na ingetosha kuongeza: "Chukueni kwamba hakuna honi, hakuna mwenye bendera, hamjui yeyote kati yao, nimeyaondoa hayo makusudi ili tubaki na jambo moja tu." Nasikia wapo hata wasio na usonji waliotoka ukumbini siku ile wakidhani somo lilikuwa juu ya usalama wa reli.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike hadharani ni mhadhara wa wiki ya tisa. Mada ilikuwa ni nani anaweza kuwajibika kimaadili. Ukutani ikaja orodha ya wasioweza: watoto wachanga, wanyama, wenye maradhi makali ya akili, "na wenye usonji, ambao utafiti umeonyesha hawawezi kujua mwenzao anafikiri nini". Nilikuwa safu ya tatu kutoka mbele, upande wa ile feni inayolia. Nilikuwa naandika kila kilichokuja ukutani, kwa hiyo niliandika na hilo, kwa mwandiko mzuri, nikaendelea na mstari uliofuata. Mkono ulikuja kutetemeka jioni, bwenini.

Utafiti unaotajwa nimeutafuta. Ni wa Uingereza, mwaka 1985, wa Baron-Cohen, Leslie na Frith. Mtoto anaonyeshwa wanasesere wawili. Sally anaweka gololi kikapuni anatoka. Anne anaihamishia kwenye boksi. Sally akirudi ataitafuta wapi? Watoto wenye usonji walikuwa 20. Waliokosea walikuwa 16, wanne walipatia. Basi. Kutoka watoto 16 na gololi mpaka mtu mzima asiyewajibika kimaadili ni safari ndefu, na pale ukumbini tuliimaliza kwa sentensi moja. Tena miaka haikusimama 1985. Mwaka 2002 mwanafalsafa Jeanette Kennett aliandika kwamba watu wenye usonji ni ushahidi wa kitu kingine kabisa: dhamiri inaweza kusimama juu ya kuheshimu sababu na haki, hata pale ambapo kusoma hisia za mwingine ni kazi ngumu, na kwa hilo Kant, aliyeijenga dhamiri juu ya akili, ana la kusema kuliko David Hume, aliyeijenga juu ya hisia. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi Mwingereza mwenye usonji yeye mwenyewe, akaeleza kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili. Wasio na usonji nao wanashindwa kutusoma sisi, ila wao hawapewi jina la ugonjwa kwa hilo.

Sidai kwamba Kennett au Milton ndio wenye neno la mwisho. Nasema jambo lenyewe lina mjadala, na idara iliyoninyima alama 15 kwa kutojadili ilipaswa kuujua. Siku ile kulikuwa na watu kama mia tatu ndani ya ukumbi, wote wakihesabika kuwa na kipaji cha kujua mwenzao anafikiri nini. Hakuna aliyejua nilikuwa nafikiri nini.

Nigusie haraka suala la kuwasilisha mbele ya darasa, maana alama 5 si haba. Karatasi ya kusahihishia ina kipengele cha kuitazama hadhira machoni. Nyumbani kwetu mtoto anayemkodolea mkubwa macho ni mtoto aliyekosa malezi, na mimi, ambaye macho ya watu yananiunguza, nilisifiwa mtaa mzima kwa adabu. Nimefika chuo kikuu adabu ileile imenipa sifuri kati ya 5, kutoka kwa mhadhiri ambaye bila shaka alilelewa kama nilivyolelewa mimi.

Na utu. Kulikuwa na wiki nzima juu ya maadili ya Kiafrika, kwamba mtu ni watu, na kwamba anayejitenga anapungukiwa utu. Nilisikiliza nikiwa nimekaa peke yangu, kama kawaida, viti viwili vitupu kila upande, kwa sababu ndivyo ninavyoweza kusikia. Hakuna aliyemtaja mwanafalsafa Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki mwaka 1995, ambaye pamoja na wenzake alikwenda vijijini kuzungumza na wazee wenye hekima, akawatofautisha wale wanaokariri hekima ya jamii na wale wanaoihoji. Hao wa pili ndio aliowaita wanafalsafa. Kwa kipimo hicho, Bibi yangu na ungo wake alikuwa na nafasi yake kwenye mtaala wetu. Na yule mtoto aliyetaka kumjua konda, sidhani alikuwa mbali sana.

Sasa ninachoomba. Kwanza niseme nisichoomba: msinisamehe kozi. Nilipokwenda kwenye ofisi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, walinipokea vizuri. Ni ofisi iliyofanya mengi, ina mashine ya nukta nundu, imesimamia njia za viti mwendo mpaka maktaba. Lakini fomu yao ina visanduku vya kutoona, kutosikia, viungo, ualbino, na "nyingineyo". Nilitia alama kwenye "nyingineyo", na afisa, kwa nia njema, akapendekeza niombe kuondolewa Maadili nipewe kozi nyingine. Nilikataa. Miaka miwili ijayo nitasimama mbele ya watoto arobaini au mia moja, na bila shaka mmoja wao atakuwa mtoto wa maswali. Siwezi kwenda kwake nikiwa nimeruka somo linalouliza nimtendee nini. Tena nalipenda. Nadhani sijasema hilo mahali popote humu: naipenda falsafa. Ni mahali pa kwanza maishani ambapo kuuliza "una maana gani hasa?" kulitakiwa kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Ninachoomba ni daftari la Bibi. Karatasi moja mwanzoni mwa muhula inayosema "jadili", "tathmini" na "linganisha" zinadai nini kwenye idara hii, na ikiwezekana jibu moja la mwaka uliopita lililopata A, jina likiwa limefutwa. Mfano wowote wa kubuni uje na mstari mmoja wa kusema umeondoa nini na kwa nini. Alama za kuchangia semina ziweze kupatikana kwa maandishi, maana semina ya watu thelathini wanaoingiliana maneno, jenereta likinguruma dirishani, kwangu ni kelele tupu. Nikishapata cha kusema wenzangu wako mada ya tatu. Kwenye mtihani, chumba kidogo kisicho na feni inayolia. Hicho kipengele cha macho kifutwe. Ripoti ya daktari ipokelewe mara moja na ifunguliwe jalada, maana usonji wangu haujapona kati ya muhula wa kwanza na wa pili, na nauli ya kwenda kuuthibitisha upya inatoka kwenye bumu, yaani mkopo wa kujikimu, la chakula. Na ule mhadhara wa wiki ya tisa uandikwe upya. Nikiombwa kuuandika, nitauandika bure.

Najua jibu moja linalokuja, kwamba huu ni upendeleo na viwango vitashuka. Mnatufundisha pazia la mwanafalsafa John Rawls, la mwaka 1971: chagua kanuni kabla hujajua utazaliwa nani. Naomba mchague kanuni ya kutunga mitihani ya Maadili mkiwa nyuma ya pazia hilo, mkiwa hamjui kama mtakuwa msahihishaji au mimi. Karatasi ya kueleza "jadili" haitampunguzia alama mwanafunzi yeyote. Kitakachokoma ni kupima nani ana rafiki mwenye madesa.

Sheria nayo ipo, ingawa sipendi kuanza nayo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ibara ya 24 ya mkataba huo haikuishia shule ya msingi. Inaitaja elimu ya juu, na inataka marekebisho yanayomfaa mhusika. Mengi ya niliyoyaandika hapo juu yanahitaji karatasi na mashine ya kurudufu.

Ombi la mwisho ni la namna ya kunijibu. Sapu ni Septemba, na nikiikosa nitaikeri kozi hii, yaani nitaibeba bila kuimaliza, mpaka mwaka wa mwisho, kwa hiyo jibu nalihitaji kabla ya hapo, kwa maandishi: lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa, nani atalifanya, tarehe gani. Mwaka jana nilipeleka ombi dogo la kubadilishiwa ukumbi nikaambiwa "suala lako liko mezani, tunalifanyia kazi". Nilishukuru. Kesho yake nilirudi kuuliza ni meza ipi. Katibu muhtasi alidhani namkejeli, akaniambia nikae nisubiri. Nilikaa mpaka saa kumi jioni ofisi ilipofungwa, na kulikuwa na meza nne.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Ualimu (Hisabati)